Kutoka Msituni hadi Kamusini: Maneno ya Kiingereza ya Nyeri, 1952–2013

1. Utangulizi

Nje kidogo ya mji wa Nyeri kuna mahali paitwapo Gatitu. Mjuzi wa Kigikuyu haimlazimu kwenda mbali kuitafuta maana ya jina hilo. Mũtitũ ni msitu. Kiambishi cha udogo ka- hugeuka kuwa ga- kinapoitangulia t, kwa mujibu wa ile kanuni ya konsonanti ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Hivyo basi gatitũ ni kijisitu. Jina ni la kawaida kabisa, na nchi iliyouzunguka Mlima Kenya imejaa majina ya jinsi hiyo. Lakini neno lenyewe la msitu halikubaki la kawaida. Mwaka wa 1953 serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku, ambamo askari aliruhusiwa kumpiga risasi mtu yeyote aliyemkuta. Tangu hapo, kwa Wagikuyu, kuingia mũtitũ kulimaanisha kujiunga na wapiganaji. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki "kuingia msituni" kumekuwa na maana ya kushika silaha dhidi ya dola. Na katika Kiingereza cha Kenya neno "forest" liliandamana kwanza na neno "gang", yaani genge, kisha miaka ilipopita likaandamana na neno "fighter", yaani mpiganaji.

Vitabu vingi vya historia ya Kiingereza huyaeleza mabadiliko ya lugha hiyo kana kwamba ni mwendo wa mto: sauti hupungua, viambishi hudondoka, maneno ya kigeni huingia, na kila kizazi huongea tofauti kidogo na kilichokitangulia. Maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi chake, lakini hayatoshi kueleza yaliyotokea Nyeri. Huko maneno ya Kiingereza yalibadilika katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, na yalibadilika kwa kuwa watu waliotajwa na maneno hayo waliyakataa, wakayageuza, au wakajitwalia mengine.

Makala haya yanakusudia kuhakiki mabadiliko hayo kwa kufuata maandishi ya Kiingereza yaliyotokana na vita vya Mau Mau, kuanzia matangazo ya serikali ya miaka ya 1950 hadi tamko la serikali ya Uingereza la mwaka wa 2013. Dai linaloshikiliwa ni hili: majina ya watu yamebadilika sana, bali majina ya vitendo na muundo wa sentensi vimebadilika kidogo tu, na tofauti hiyo ina athari katika sheria, katika tafsiri na hata katika ardhi.

2. Kiingereza cha utawala

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza "emergency" katika Kenya. Kwa asili yake neno hili, ambalo Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, ladokeza jambo linaloibuka ghafla. Kwa hiyo ladokeza pia kwamba kabla ya kuibuka kwake palikuwa na utulivu. Msomaji anayelipokea neno hilo bila kulichunguza huwa ameyasahau malalamiko ya ardhi, kipande, kodi na ujira ambayo yalikuwa yamedumu kwa miongo kadhaa. Hali hiyo ya "ghafla" ilidumu hadi mwezi wa Januari 1960, yaani zaidi ya miaka saba. Huko Malaya, ambako Waingereza walilitumia neno lilo hilo tangu mwaka wa 1948, ilidumu miaka kumi na miwili.

Kiswahili kililifasiri tangazo hilo kuwa Hali ya Hatari. Yafaa izingatiwe kwamba tafsiri hii si sawasawa na asili yake. Imeacha ughafla na kushika hatari. Kwa upande mmoja imekuwa ya kweli zaidi, kwani mkulima wa Othaya au Mathira hakuona chochote cha ghafla bali aliiona hatari. Kwa upande mwingine nayo imeficha jambo, kwa sababu haisemi ni nani aliyekuwa hatarini na ni nani aliyeileta hatari hiyo.

Maneno yaliyofuata yalitolewa kwa wingi katika uwanja wa tiba. Mwaka wa 1954 daktari wa akili J. C. Carothers aliandika, kwa ajili ya serikali, kitabu kiitwacho The Psychology of Mau Mau, ambamo uasi unaelezwa kama tatizo la akili ya Mgikuyu aliyepotewa na mila zake. Uasi ukishaitwa ugonjwa, kinachofuata ni uchunguzi na matibabu. Ndipo tunapokutana na "screening", yaani kuchekecha, na "rehabilitation", yaani kumrudisha mtu katika hali njema. Mtandao wa kambi uliitwa "pipeline", yaani bomba, kana kwamba waliopitishwa humo walikuwa maji. Katika kambi za Mwea, kusini mwa Mlima Kenya, ilitumika tangu mwaka wa 1957 mbinu iliyoitwa "dilution", yaani kuzimua: wafungwa wachache waliokataa kutii walitiwa katikati ya wengi waliokwisha kutii, wakalazimishwa kwa nguvu. Mwanasheria mkuu wa serikali ya koloni alitofautisha nguvu ya kumlazimisha mtu na nguvu ya kumwadhibu, akaihalalisha ile ya kwanza. Tofauti hiyo ilikuwa katika maneno tu. Mgongo uliopigwa haukuweza kuzitenga nguvu hizo mbili.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana mbali na Nyeri, huko Hola kando ya mto Tana, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kukataa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali iliyahusisha mauti yao na maji waliyokunywa. Hapa Kiingereza cha utawala kilikuwa kimefika ukingoni. Haikuwa tena lugha ya kupunguza makali ya jambo. Ilikuwa lugha ya kusema jambo lisilokuwapo.

George Orwell alikuwa ameonya tangu mwaka wa 1946, katika insha yake juu ya siasa na Kiingereza, kwamba lugha ya kisiasa ya zama zake ilitumika kuyatetea yasiyotetewa, na kwamba vijiji vilivyopigwa mabomu vingeweza kusemwa "vimetulizwa". Onyo hilo ni la haki, ila lina upungufu mmoja. Orwell aliona maradhi ya lugha kama matokeo ya uvivu wa mwandishi. Kambi za Mwea zaonyesha kitu kingine: maneno hayo hayakuwa ya kivivu, yalichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Nayo yana sifa moja ya kisarufi inayoyaunganisha. Karibu yote ni vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina, na katika kugeuzwa huko mtenda ametoweka na mtendwa ametoweka. "Screening" haina aliyechekecha wala aliyechekechwa.

Ni jambo la kufunza kulinganisha neno hilo na lile ambalo Wagikuyu walilitumia kwa tendo lilo hilo. Msaliti aliyefunikwa gunia lililotobolewa mahali pa macho, akawatambulisha wenzake kwa kutikisa kichwa, aliitwa gakũnia. Mzizi wake ni ikũnia, jamaa ya gunia la Kiswahili; kiambishi chake ni ga- ile ile ya Gatitu, ambayo hapa imebeba dharau pamoja na udogo. Neno la Kiingereza linataja utaratibu. Neno la Kigikuyu linamtaja mtu na vazi lake. Ni vigumu kuandika sentensi yenye neno gakũnia bila ya msomaji kuuliza ni nani aliyekuwa ndani.

3. Kiingereza cha msituni

Lingekuwa kosa kudhani kwamba Kiingereza kilikuwa mali ya upande mmoja tu, na Kigikuyu cha upande mwingine. Wapiganaji waliokuwa Nyandarua na Mlima Kenya walijitwalia vyeo vya jeshi la Uingereza. Dedan Kimathi alikuwa "Field Marshal". Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa "General China". Baraza lao la juu waliliita "Kenya Parliament". Wengi wao walikuwa wamejifunza maneno hayo jeshini au katika shule za misheni, kama ile ya Tumutumu.

Maandishi ya serikali yaliyataja majina hayo kwa kejeli, yakiyatanguliza na maneno ya kuonyesha kwamba ni vyeo vya kujipachika. Lakini mwanaisimu hana budi kuyachukua kwa uzito wake. Anayejiita jemadari anadai kwamba anayepigana naye ni jeshi, na kwamba vita vyao ni vita. Anayeanzisha bunge anadai kwamba kuna nchi na kwamba nchi hiyo ina wenyewe. Serikali ilisema "gang". Msitu ulijibu "army". Huo ndio mwanzo wa kubadilika kwa Kiingereza cha Nyeri, na haukuanzia London wala Oxford.

Mahakama haikuyakubali madai hayo. Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa mwezi wa Oktoba 1956, alishtakiwa Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi bila ya kibali. Hati ya mashtaka haikutaja ardhi, wala uhuru, wala vita. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti kwa kosa hilo la kumiliki. Hivyo katika Kiingereza cha sheria hapakuwapo na uasi wowote. Palikuwapo na mtu mmoja na bastola moja. Mwaka wa 2012 taasisi iliyoanzishwa Nyeri mwaka wa 1972 ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili kwa jina la Dedan Kimathi University of Technology. Jina lililoandikwa katika daftari la mahakama ya mji huo limeandikwa leo katika vyeti vya wahitimu, na kwa lugha ile ile.

4. Vitabu na alama za kunukuu

Mwaka wa 1960 serikali ilitoa taarifa ya F. D. Corfield juu ya asili na kukua kwa Mau Mau. Taarifa hiyo ni muhtasari wa Kiingereza cha utawala katika ukamilifu wake. Baada ya hapo vilitokea vitabu vitatu vilivyoandikwa na watu waliokuwa ndani ya mambo hayo, navyo vyastahili kusomwa pamoja.

Cha kwanza ni cha Josiah Mwangi Kariuki, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka wa 1963. Cha pili, cha mwaka wa 1966, kiliandikwa na Donald Barnett pamoja na Karari Njama, mwalimu wa Nyeri aliyekuwa katibu msituni. Cha tatu ni cha Waruhiu Itote, cha mwaka wa 1967. Anwani zao zasema mengi. Kariuki aliandika 'Mau Mau' Detainee na Itote aliandika "Mau Mau" General. Katika anwani zote mbili maneno Mau Mau yamezungushiwa alama za kunukuu. Barnett na Njama waliandika Mau Mau from Within, pasipo alama hizo.

Alama hizo si pambo. Asili ya jina Mau Mau haijapata kukubaliwa na wote. Kuna wanaosema ni mchezo wa maneno wa Kigikuyu uliopindua uma uma, yaani "toka toka". Na yapo maelezo yanayolifanya kuwa herufi za mwanzo za sentensi ya Kiswahili inayomtaka Mzungu arudi Ulaya na Mwafrika apate uhuru, maelezo ambayo kwa dalili zote yalitungwa baada ya jina kuenea. Lililo wazi ni kwamba wapiganaji wenyewe hawakulichagua jina hilo. Kwa hiyo Kariuki na Itote walilichukua kama mtu anavyolichukua jiwe alilotupiwa: wakalishika kwa ncha za vidole, wakamwonyesha msomaji kwamba si lao. Njama na Barnett walifanya tofauti. Walilikubali jina, wakabadilisha mahali pa kusimama: "from within", kutoka ndani.

Zote mbili ni mbinu halali, na historia ya Kiingereza inazijua. Katika karne ya 17 neno "Tory" lilikuwa la Kiairishi, likimaanisha mtu anayesakwa. Waliitwa hivyo Waairishi walionyang'anywa ardhi wakaishi porini kwa kuwashambulia walowezi. Kufikia mwaka wa 1681 lilikuwa tusi la kisiasa katika London, na baadaye likawa jina ambalo mawaziri wakuu kadhaa wa Uingereza wamejiita bila haya. Katika elimu ya maana hali hii huitwa kupanda kwa maana. Mau Mau limepanda pia, lakini katika Kenya tu. Marekani lilishuka. Huko limekuwa kitenzi, kinachoandikwa kwa herufi ndogo, chenye maana ya kuwatisha wakubwa ili watoe wanachodaiwa. Tom Wolfe alikisambaza katika anwani ya kitabu chake cha mwaka wa 1970, na kamusi za Kimarekani zimekiorodhesha. Neno moja, basi, limekwenda njia mbili: kwa wajukuu wa waliokuwa msituni ni heshima, na kwa msomaji wa New York ni vitisho. Haitoshi kusema kwamba maana hubadilika na wakati. Maana hubadilika mahali ambapo wenye neno wana nguvu ya kulisemea.

Hata hivyo vitabu hivi vitatu havikosi dosari kwa kipimo kilichowekwa hapo juu. Vimembadilisha mtu: gaidi amekuwa mfungwa, jemadari, mkulima aliyeasi. Lakini vitendo vimebaki na majina ya zamani. Kambi bado ni "camp", kuchekecha bado ni "screening", na kipindi chote bado ni "the Emergency". Mwandishi amejipatia jina jipya, lakini amekaa katika nyumba iliyojengwa na mwenziwe. Lawama hii isizidishwe. Mfungwa alipokuwa akiandika malalamiko kwa wabunge wa London hakuwa na budi kutumia maneno ambayo London iliyatambua, la sivyo barua isingesomwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o anatoa mfano wa mtu aliyerudi nyuma kurekebisha. Riwaya yake A Grain of Wheat, ya mwaka wa 1967, ilitolewa upya mwaka wa 1986 ikiwa imesahihishwa. Miongoni mwa masahihisho hayo, kile kilichoitwa "the Party", yaani chama, kiliitwa sasa "the Movement", yaani harakati ya umma. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemwonyesha mwandishi kwamba neno la mwanzo lilikuwa jembamba mno. Lilikuwa limewapa wanasiasa kazi iliyofanywa na wakulima. Ni nadra kuyaona mabadiliko ya lugha yakitendeka hivyo hadharani, katika kitabu kimoja na kwa mkono mmoja. Na kufikia wakati huo Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuacha kutunga riwaya kwa Kiingereza.

5. Kizuizini au uhamishoni?

Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina alikamatwa mwaka wa 1952 kwa sababu ya maandishi yake, akakaa kifungoni hadi mwishoni mwa muongo huo. Shajara yake ilichapishwa mwaka wa 1983 kwa Kigikuyu kwa jina la Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ikapata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Tafsiri ya Kiingereza, ya mwaka wa 1988, inaitwa Mau Mau Author in Detention.

Neno la mwisho la anwani ndilo lenye mashaka. Ithaamĩrio limejengwa juu ya kitenzi -thaama, chenye maana ya kuhama. Ni mahali ambapo mtu amehamishiwa kwa nguvu. Kiambishi -inĩ ni ndugu wa -ni ya Kiswahili. Kwa hiyo mwandishi anasema alikuwa uhamishoni. Kiingereza kinasema alikuwa kizuizini. Tofauti si ndogo. Neno "detention" ni la msimamizi: kuna lango, kuna orodha, mtu amezuiwa asiende. Neno ithaamĩrio ni la aliyehamishwa: kuna nyumbani alikotolewa, na fikira zake ziko huko. Mfasiri alichagua neno lililokwisha kuzoewa na wasomaji wa Kiingereza, na kwa kufanya hivyo aliirudisha shajara katika daftari la serikali. Atakayeifasiri kwa Kiswahili ana bahati ya kuwa na maneno yote mawili. Achague "uhamishoni", maana ndilo alilolisema mwenyewe.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka wa 1940, anaeleza upande mwingine wa jambo hili katika tawasifu yake Unbowed ya mwaka wa 2006. Alikuwa mwanafunzi wa bweni katika misheni ya Mathari, karibu na mji wa Nyeri, katika miaka ya vita. Aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama shuleni alivishwa alama ya aibu. Na katika shule iyo hiyo, anasema, wasichana waliaminishwa kwamba Mau Mau ni magaidi, wakasali ili wakamatwe. Mambo haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Aliyenyimwa lugha ya mama hakunyimwa njia ya kuongea tu. Alitengwa pia na majina ambayo watu wa nyumbani waliyatumia kwa yale yaliyokuwa yakitendeka nyumbani. Mama yake aliishi katika kijiji cha kulazimishwa, naye bintiye alifundishwa Kiingereza ambacho kijiji hicho kilikuwa cha ulinzi. Ilimchukua miaka kulipata neno jingine, na kitabu chenyewe, kilichoandikwa kwa Kiingereza fasaha, ni ushahidi kwamba alilipata ndani ya lugha ile ile.

6. Sheria na kauli ya kutendeka

Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka wa 1950. Marufuku hiyo haikufutwa hadi mwaka wa 2003. Kwa miaka arobaini ya uhuru, basi, mzee wa Nyeri aliitwa mpigania uhuru katika hotuba na mwanachama wa chama haramu katika sheria. Kiingereza cha jukwaani kilikuwa kimekitangulia Kiingereza cha vitabu vya serikali kwa vizazi viwili.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alilitolea bunge tamko kufuatia kesi ya wazee waliodai fidia. Malipo yaliyokubaliwa yalikuwa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika tamko hilo serikali ilikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, ikaeleza kusikitika kwake kwamba maovu hayo yalitokea. Papo hapo iliendelea kukana dhima kwa niaba ya serikali ya leo na walipakodi wake.

Kwa upande wa majina, umbali uliopitiwa tangu mwaka wa 1952 ni mkubwa. Neno "torture", yaani mateso, limechukua nafasi ya "rehabilitation". Lakini sentensi haijasafiri sana. Mtenda ametajwa, kisha akawekwa mbali: utawala wa kikoloni ulitenda, sisi tunasikitika. Na mahali pa majuto yenyewe hakuna mtenda. Maovu yalitokea, kama mvua. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo hana budi kuchagua. Akisema "yalitendwa", kiambishi -w- kinamwalika msomaji aulize na nani. Akisema "yalitendeka", kiambishi -ek- kinaufunga mlango huo. Kwa kuwa Kiswahili kinazo kauli zote mbili, hakiwezi kudai kwamba ni lugha safi isiyojua kuficha. Gazeti la Kiswahili laweza kuficha kwa silabi moja kile ambacho Kiingereza kinakificha kwa maneno mawili. Tamko hilo hufasiriwa vyema kwa "yalitendeka", kwa sababu ndivyo lilivyosema. Kazi ya mhakiki ni kuionyesha silabi hiyo.

Upo pia mfano wa kinyume. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika matini yake ya Kiingereza, inaitaja tarehe 20 Oktoba kuwa "Mashujaa Day". Tarehe hiyo ndiyo ile ya tangazo la Baring. Watunga sheria hawakutafuta neno la Kiingereza. Waliliingiza la Kiswahili, la ngeli ya wingi, ili sifa isiwe ya mtu mmoja kama ilivyokuwa siku hiyo ilipoitwa Kenyatta Day. Kiingereza cha sheria kilipotaka kumtaja mtu wa msituni pasipo alama za kunukuu, kiliazima.

7. Neno lililobaki

Baina ya mwaka wa 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Gikuyu, Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Mfano uliigwa kutoka Malaya. Utawala uliviita "villages", neno ambalo kwa Mwingereza lina kanisa, uwanja na amani. Wakati uo huo, chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, mashamba yaliunganishwa na kupimwa. Waliokuwa na ardhi walirudi kwenye mashamba yao vita vilipokwisha. Wasiokuwa nayo walibaki kijijini.

Kiingereza cha Nyeri kimetunga jina kwa ajili ya mahali hapo: "colonial village". Husikika barazani na huandikwa katika nyaraka za kaunti, kwa kuwa hati za kumiliki viwanja vya vijiji hivyo zimekuwa suala la miaka mingi, na familia zimekaa vizazi viwili au vitatu mahali pasipokuwa na hati. Hili ni neno la kweli kuliko yote yaliyochunguzwa hapa. Halina tiba, halina ughafla; linataja aliyekijenga kijiji. Hata hivyo ni neno pekee katika orodha hii ambalo linataja hali isiyokwisha. "Terrorist" limepata mrithi, "rehabilitation" limepata mrithi. "Colonial village" litastaafu siku ya mwisho wa kutolewa hati, wala si kabla.

8. Hitimisho

Yaliyosemwa yanaelekeza kwenye kazi tatu kwa wanaoshughulika na lugha. Kwanza, watunga kamusi za Kiswahili na Kigikuyu wanapoorodhesha maneno kama Hali ya Hatari, gakũnia, ithaamĩrio na msituni, wayape tarehe na watumiaji wake, maana bila hayo maana zake za vita zitasomwa kama mafumbo. Pili, wafasiri wasikubali kwamba neno lililozoewa katika Kiingereza ndilo lililo sahihi. Mara nyingi limezoewa kwa sababu lilichapishwa na mwenye mtambo. Tatu, wanaofundisha historia ya Kiingereza katika vyuo vya Afrika Mashariki wanayo matini ya karibu kuliko ya Chaucer na Shakespeare. Zaidi ya miaka sitini imetenganisha tangazo la Baring na tamko la Hague, na baina yake lugha hiyo imebadilishwa na walimu wa shule, wafungwa, askari wa Burma na wakulima.

Wazee waliojua kutoka kinywani mwa nani kila neno lilisikika kwa mara ya kwanza wanapungua kila mwaka. Kukusanya maneno hayo Gatitu, Ihithe, Kaheti na Karatina ni kazi isiyohitaji mtambo wala fedha nyingi. Yahitaji wanafunzi wanaojua Kigikuyu, daftari, na idara iliyo tayari kuwatuma.